Gurudumu la Cherehani Kalundu

Kabla sijaiona mashine ya mume wangu kwa macho, niliijua kwa matundu.

Jioni alirudi kutoka bandarini Kalundu, akavua shati, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yetu mtaani Kasenga. Asubuhi nililishusha nikalielekeza dirishani. Mwanga ulipita katika vitundu vidogo, vyeusi pembeni, kama vilivyotobolewa kwa sindano iliyopashwa moto. Siku nyingine vilikuwa kumi, siku nyingine niliacha kuhesabu. Nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na cherehani ya mkono niliyopewa na mama yangu mdogo nilipoolewa, na kuziba vitundu vile kulikuwa kazi yangu bila mtu kuniambia. Shuleni nilikaa miaka minne tu, lakini shati lile niliweza kulisoma. Lilinieleza jinsi siku ya mume wangu ilivyokwenda, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa msemaji.

Alikuwa soudeur, fundi wa kuunga chuma kwa moto wa umeme. Moto ule unatema. Unayeyusha chuma, na katika kuyeyusha unarusha matone madogo pande zote, cheche ambazo si za kupendeza tu kutazama. Zinaganda juu ya chuma kama punje za mtama, zinatoboa nguo, zinaingia kwenye ngozi. Shingo ya mume wangu ilikuwa na madoa mengi kuliko nilivyoweza kuyapaka mafuta. Mara moja tone liliingia katika sikio lake la kushoto, na wiki nzima hakutafuna kitu kigumu. Tangu siku hiyo, ukitaka akusikie, ulipaswa kukaa kulia kwake. Nikazoea. Hata sasa ambapo hayupo, kanisani ninaacha nafasi upande wangu wa kushoto.

Mashine ninayotaka kuisimulia ilifika kwa meli miezi michache kabla ya uhuru. Kabla yake waliunga chuma kwa vijiti, kijiti kimoja kikiisha unashika kingine. Mashine hii haikuwa na kijiti. Ilikuwa na waya mwembamba uliozungushwa kwenye rulo kubwa, na ndani ya kisanduku palikuwa na magurudumu mawili madogo yaliyoubana na kuusukuma, ukapita ndani ya mpira mrefu, ukatokea mkononi mwa fundi, mahali walipopaita pistole. Waya ulipogusa chuma uliwaka na kuyeyuka, na ulipoyeyuka mwingine ulikuwa umekwisha kufika. Kuuzunguka waya ule palipulizwa gesi, ile ile inayotia povu kwenye limonade, ili hewa isiguse chuma kikiwa maji. Mume wangu alisema hewa ikigusa, chuma kinakuwa na vishimo ndani kama mkate.

Mzungu aliyekuja na mashine alimfundisha wiki tatu. Uhuru ulipofika, naye akaondoka kama wengine. Aliacha kitabu ambacho mume wangu hakuweza kukisoma, na vifungo viwili vya kuzungusha. Kimoja kilipandisha na kushusha ukali wa umeme. Cha pili kilikuwa cha mwendo wa waya.

Mwaka ule wa kwanza matundu yalizidi. Nilimwuliza kama mashine ya wazungu ilikuwa imekasirika kwa kuachwa. Hakucheka. Alichukua maharage mezani akanionyesha. Waya ukienda haraka kuliko moto unavyoweza kuula, unajikita ndani ya chuma kilichoyeyuka, unapasuka, na kila mpasuko unarusha matone. Ukienda polepole mno, moto unapanda juu kuufuata, tone linakuwa kubwa kama harage, linaning'inia, kisha linaanguka na kutapakaa. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo sana ambapo waya unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, mara nyingi kuliko sikio linavyoweza kuhesabu, na hapo moto hautemi. Alisema ameshafika pale mara mbili au tatu, na kila mara amepapoteza.

"Utapajuaje?" nilimwuliza.

"Kwa sauti. Ila sikio moja halitoshi."

Alipatafuta miezi mingi. Nilijua amepata kwa sababu shati lilipona. Asubuhi moja nililielekeza dirishani nikaona kitambaa kitupu. Nikafikiri hakufanya kazi. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu nilimpelekea chakula Kalundu kwa miguu yangu mwenyewe, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo, ili nione.

Alinipa maski yenye kioo cheusi, akanisimamisha nyuma ya bega lake. Nilipoivaa dunia ilizimika. Sikuona karakana, sikuona mikono yangu. Halafu kikazaliwa kitu kidogo mbele yangu, jua la ukubwa wa punje ya mchele, na chini yake kidimbwi cha chuma kinachotetemeka. Waya uliingia ndani ya kidimbwi kile bila haraka, na nyuma yake chuma kiliganda mistari mistari, kama mchanga wa ufukweni maji yakishaondoka. Na sauti. Nilikuwa nimezoea kusikia milipuko nikipita barabarani. Sasa ilikuwa sauti moja iliyonyooka, kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilizokauka vizuri zikikaangwa kwenye mawese. Kila mwanamke wa ziwa anajua tofauti. Ndagala zenye maji zinarusha mafuta usoni. Zilizokauka zinaimba tu.

Nilivua maski machozi yakinitoka. Nilimwambia ni mwanga. Haikuwa mwanga.

Miaka michache baadaye uasi ulifika. Wengine wameandika nani alipigana na nani, mimi sikujua vizuri hata wakati ule. Nilijua kwamba njia ya Kavimvira kwenda Burundi ilifungwa, chumvi ilikwisha, na kampuni yenye karakana iliacha mlango wazi ikakimbia. Mume wangu aliendelea kwenda Kalundu kila siku kulinda vitu ambavyo havikuwa vyake. Siku moja ambayo hakwenda, kwa sababu mtoto wetu alikuwa na homa, mpiganaji mmoja aliingia akang'oa kifungo cha mwendo wa waya pamoja na nyuzi zote za nyuma yake. Alidhani ni sehemu ya redio. Alitembea nacho mjini siku kadhaa akikizungusha, akingoja kiseme.

Tangu hapo magurudumu madogo yalijua mambo mawili tu, kusimama au kukimbia kwa nguvu zote. Mashine ikawa haina kazi. Mashati yalikuwa mazima, lakini hayakunifurahisha.

Hapo ndipo kapiteni alipokuja nyumbani. Alikuwa mzee wa ziwa mwenye boti la chuma lililobeba watu na mizigo tangu zamani, mtu wa maneno makali asiye na ubaya. Boti lake lilikuwa limepigwa ubavuni, chini ya mstari wa maji, kukawa na tundu la upana wa sinia. Alikuwa amelivuta nchi kavu pale Kalundu. Wamama wenye watoto, zaidi ya ishirini, walikuwa wanangoja avuke nao kwenda upande wa Burundi, kisha arudi na chumvi. Alikuwa amezunguka mji mzima. Kiraka cha lami na mbao hakingeweza kushika.

Mume wangu alimweleza habari za kifungo. Kapiteni akasikiliza, kisha akasema, "Weye mutu ya Luvungi. Mupunga unaujua, maji hauyajui. Lakini desturi yetu unaijua?"

Aliijua, na mimi pia. Pale Kalundu, fundi aliyeziba tundu la chombo alipanda safari ya kwanza, akavua viatu, akaweka nyayo zake juu ya kiraka mpaka ng'ambo. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo. Ila fundi aliyekataa hakupewa chombo kingine. Siku za amani walikuwa na njia nyingine pia, walipaka chokaa nje na kumwaga mafuta ya taa ndani, wakatazama kama doa linapita. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha mjini kote. Zilibaki nyayo.

Mume wangu alizaliwa Luvungi, kwenye tambarare ya mpunga, mbali na ziwa. Hakujua kuogelea hata mkono mmoja. Alisema atajaribu.

Alijaribu na waya ukikimbia kwa nguvu zote. Jioni shati lilikuwa kama chekeche, na kipande cha chuma alichoniletea nikione kilikuwa na punje kila mahali na mshono uliovimba. Alikigonga kwa nyundo, kikafunguka kama ganda la karanga. Kisha akaanza kutazama cherehani yangu.

Aliitazama siku mbili. Mimi niliona, nikajifanya sioni.

Siku ya tatu alisema, "Mama, niko na kitu ya kukuomba, na unaweza kukatala."

Alitaka mkono wa kuzungushia na gurudumu. Magurudumu madogo ya mashine yake, alisema, yanahitaji mzunguko mmoja kwa kila unapohesabu moja, mbili. Mota haiwezi tena kwenda pole, mkono wa mtu unaweza. Gurudumu zito la cherehani litausaidia mkono usirukeruke. Nilimpa. Nitasema kweli, nilimpa kwa hasira, na nilimpikia siku mbili bila kumsemesha. Cherehani ile ilikuwa kitu pekee katika nyumba yetu kilichokuwa changu.

Alifunga gurudumu langu kwenye kisanduku cha waya. Alimweka mtu wa bandarini azungushe, mwanaume mwenye nguvu. Mambo yakawa mabaya. Mtu mwenye nguvu anasukuma pale mkono unapopanda na kulegea pale unaposhuka, na waya nao ukaenda kwa kusukumwa na kulegea, na moto ukatema kila mara. Jioni mume wangu alirudi na madoa mapya shingoni.

Nililala na hasira yangu, nikaamka haipo. Nilimwambia kwamba gurudumu lile linanijua mimi.

Alishika njia na mimi nikafuata nyuma.

Sasa nieleze jambo ambalo mpaka leo linanishangaza, na mimi ndimi niliyelifanya. Kuzungusha sawasawa hakukunishinda. Nilikuwa nimeshona nguo za shule za nusu ya watoto wa Kasenga, mkono wangu ulienda wenyewe. Nilikaa kulia kwake, bila maski, nikiwa nimetazama ukuta ili mwanga usiniumize, na masikio yangu yakiwa wazi. Moto ukianza kupasuka kwa ukali nilipunguza. Ukianza kutoa sauti nene, ya tone linaloning'inia, niliongeza. Baada ya muda mfupi tulisikia ndagala zikiimba.

Lakini kila alipoanza upya palitokea mlipuko. Waya ulifika ukakita kwenye chuma baridi, ukapasuka kabla moto haujatulia, na rundo la cheche likaruka. Kiraka cha boti hakiungwi kwa kwenda moja kwa moja kukizunguka, chuma kinajikunja kwa joto. Unaunga kidogo hapa, kidogo upande wa pili, kama unavyopiga bandi nguo kabla ya kuishona. Maana yake kuanza mara nyingi sana, na kila mwanzo ulitema.

Mshonaji yeyote anajua kwamba mshono hauanzwi kwa kukimbia. Unashusha sindano kwa kuzungusha gurudumu polepole, inagusa kitambaa, unairudisha juu kidogo kutazama kama uzi umekaa, ndipo unaenda. Mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza. Aliposema "tayari" niliupeleka waya polepole mpaka nikausikia umegusa, nikaurudisha nyuma upana wa unywele. Moto ukawaka katika ile nafasi ndogo, bila kelele, kama taa inapowashwa kwa kiberiti. Kisha nikaupeleka mbele.

Alisimama. Akainua maski.

"Umefanya nini?"

"Nimeanza mushono."

"Rudilia."

Nilirudilia. Ikawa vile vile. Alirudilia yeye mahali pengine, na pengine, na kila mara moto ulizaliwa kimya. Alipitisha kiganja juu ya chuma kikiwa bado na joto, hapakuwa na punje. Yule mtu mwenye nguvu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwamba kama ni hivyo basi mabibi wote wapelekwe bandarini na mabwana wakae nyumbani kushona. Mume wangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kifungo kilipong'olewa. Mimi nilitazama gurudumu langu. Ilikuwaje kitu kilichoshona sketi za shule kiweze kuuamuru moto wa namna ile? Na waya ule ulikwendaje mbele na nyuma ukanitii, mimi ambaye sikujua hata jina la umeme? Niliogopa kidogo, kama unavyoogopa ndani ya kanisa kubwa usipokuwa na mtu.

Gesi ilikuwa imebaki mtungi mmoja, na sindano ya kipimo ilikuwa chini. Hapakuwa na mwingine upande huu wa mpaka. Kwa hiyo hatukufanya majaribio zaidi.

Tulifanya kazi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka ukapeperusha gesi. Tulizungusha mikeka kulizunguka boti. Kiraka alikikata kutoka kwenye ngazi ya chuma ya depo, ghala la bandari, akakipinda kwa nyundo mpaka kikakaa ubavuni kama mwenyeji. Mimi nilikaa juu ya gunia na kisanduku mbele yangu. Kapiteni alikaa nje ya mikeka akiwafukuza watu.

Tayari. Polepole, gusa, rudi, nenda. Moja, mbili. Simama. Tayari. Sijui tulikwenda muda gani. Nilisikia jasho lake likidondoka juu ya chuma chenye joto. Sikumwona, yeye alikuwa ndani ya maski na mimi nimegeukia ukuta wa mkeka, lakini sijawahi kuwa karibu naye kiasi kile, hata siku ya kuzaa. Pumzi yake ilikaa ndani ya mzunguko wa mkono wangu. Alipotaka kidimbwi kipanuke alichelewesha pistole, nami nilijua kabla, na waya ulijua pamoja nami.

Kilibaki kipande cha upana wa kiganja kimoja, kona ya chini, ndipo bunduki zikalia mlimani. Zilikuwa mbali. Nilikwisha kuzizoea, wote tulizizoea. Lakini nilikuwa nimemwacha mtoto kwa dada yangu Kasenga, upande ule ule wa sauti, na mkono wangu uliruka. Gurudumu likakimbia mizunguko miwili au mitatu kabla sijalishika. Moto ukapasuka. Nilisikia matone yakigonga chuma na nikasikia mume wangu akivuta pumzi kwa meno. Hakusimama. Alimaliza kona, na alipomaliza, gesi ikatoa sauti ya mtu anayeishiwa maneno, ikakatika.

Tulitoka kwenye mikeka. Alishika patasi akagonga punje chache hapa na pale, mshono wote ukawa safi kuliko mwingine wowote niliouona kabla au baada yake. Ile kona ya chini hakuigusa. Alipitisha kidole tu. Kapiteni alizunguka akatazama, akasema kumbe mutu ya Luvungi anaweza kushona. Hakuna aliyesema kitu kuhusu kona. Mimi sikusema, na hilo ndilo nililotaka kuliandika tangu mwanzo. Nilijua kwamba mahali pale huenda pana vishimo ndani, kama mkate. Nilijua nani angeweka nyayo juu yake. Nilikwenda nyumbani na midomo yangu imefungwa, kwa sababu tulikuwa tumesifiwa.

Boti liliteremshwa majini siku mbili baadaye, asubuhi. Wamama walikuwa wamekaa kwenye mchanga na mafurushi yao tangu kabla ya jua. Mume wangu alivaa shati lile lile la siku ya kazi. Nilikuwa nimelifua lakini sikuwa nimelishona. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, palikuwa na vitundu saba pamoja, na kwingine kote hapakuwa na hata kimoja.

Kapiteni aliuliza kwa sauti, kama ilivyo desturi, "Nani alifunga tundu?"

"Ni minye," mume wangu akasema.

Watu walikuwa wengi. Nilisikia sauti yangu ikitoka. "Ni siye wawili."

Kapiteni alinitazama. Alisema mwanamke hajawahi kukaa juu ya kiraka, na kwamba mume akizama mtoto anahitaji mama. Nilimjibu kwamba gurudumu lilikuwa langu na mkono ulikuwa wangu. Mume wangu hakunizuia. Aliinama akavua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba, akanyoosha mkono achukue na vyangu.

Tukashuka ndani, mahali penye harufu ya samaki na mafuta. Kiraka kilikuwa ubavuni karibu na miguu, kimelala kidogo kama paa la nyumba. Alikaa kwanza, akaweka nyayo zake upande wa chini. Mimi nikaweka zangu upande wa juu. Wamama walijaa nyuma yetu na mbele yetu. Mota ikawaka, na Kalundu ikaanza kurudi nyuma.

Chuma kilikuwa baridi. Nilisikia maji yakipita upande wa pili, karibu kabisa, yakisugua. Unene wa chuma kile haukufika kidole changu kidogo, na nyuma yake kulikuwa na ziwa ambalo tangu utoto tunaambiwa halina mwisho chini. Hakuna kilichotutenga nalo ila waya uliokwisha kuyeyuka, na mkono wangu. Nilishangaa kwamba Mungu anawaachia watu kazi kama ile.

Katikati ya ziwa, milima ya pande zote mbili ikiwa ya buluu sawa, mume wangu aliondoa unyayo mmoja, akafuta kitu kwa kidole, akaurudisha. Baada ya muda akafuta tena. Nikaona tone. Lilikuwa dogo, kwenye kona ya chini, likitoka kati ya punje zile. Lilijaa, likashuka, akalifuta.

Sikuweza tena. Niliinama kwenye sikio lake la kulia nikamwambia kwamba kona ile ni yangu, kwamba mkono wangu uliruka niliposikia bunduki, kwamba nilijua na sikusema. Nikamwomba tubadilishane, nyayo zangu zikae pale.

Alifuta kona kwa kidole. Kisha akasema, "Najua. Shati ilinielezea kabla yako."

"Sasa kwa nini umekaa hapo?"

"Weye unajua kuogelea. Kikifunguka, kitafungukia kwangu, na weye utakuwa umekwisha kusimama."

Nilitazama tena jinsi alivyokaa. Alikuwa amekaa kwanza, kabla yangu, na hakukosea upande.

Kapiteni alishuka kututazama. Aliliona tone. Akachovya kidole, akaonja, akafikiri, akasema ni jasho la chuma tu, maji ya nje ni baridi na watu ndani ni wengi. Mpaka leo sijui kama alisema kweli au aliwahurumia wale wamama. Lilikuja tena mara tatu. Nilihesabu. Halafu halikuja tena, na mume wangu aliacha nyayo zake pale pale mpaka boti likakwaruza mchanga wa ng'ambo, na hata wamama wote walipokwisha kushuka na watoto wao, bado alikaa kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba amefika.

Tulirudi na chumvi. Boti lile lilifanya kazi miaka mingi, na kona haikuguswa na fundi mwingine. Gurudumu langu alinirudishia, nikashonea tena, ingawa daima lilikuwa na harufu ya moto kidogo. Yeye alikufa nyumbani, amezeeka, juzi juzi tu kwa hesabu ya moyo wangu. Alipokuwa hawezi tena kuinuka nilikaa miguuni pake, na jioni ya mwisho nilivua viatu nikaweka nyayo zangu juu ya zake, zilikuwa baridi kama chuma kile. Niliziacha pale mpaka mwisho.

Shati ninalo. Vitundu saba. Sijavishona.